Mfuko Ulioachwa Mezani

Nikisikia tena mtu pale sokoni Mwanga akisema Nikodemu wa barafu aliua binti wa watu, nitampa vidonge vyake hapo hapo, na haya sina. Watu wa mji huu wakiokota neno hawalilazi. Mimi nimefanya kazi na Nikodemu miaka kumi na mmoja, maabara moja, friji moja, kwa hiyo mwenye kutaka habari zake aje kwangu, Winfrida. Ila akija akae mpaka mwisho, maana mwishoni ndipo ninapoingia mimi.

Nikodemu ni Muha wa Mwamgongo, kule mbele ya Gombe ambako bila boti hufiki. Mrefu, mkavu, ncha za vidole zimepauka kwa barafu. Kabla ya kuja hospitali alikuwa Kibirizi, kazi yake kuvunja mapande ya barafu na kupanga migebuka kwenye masanduku, safu ya samaki, safu ya barafu, ili wafike Kasulu macho yao bado yanang'aa. Wachuuzi walimgombania. Akimkuta mtu kafunua sanduku kuchungulia tu, anawaka: "Funga! Unachungulia nini, humo kuna mkweo?"

Alikuwa na mke, Veneranda, aliyebaki Mwamgongo na shamba lao dogo. Siku ya kujifungua, Veneranda alitokwa damu isiyokatika. Wakamwahisha kituo cha afya cha mwambao, na Nikodemu akakimbilia huko kwa boti ya kwanza aliyoipata. Damu ikaagizwa kutoka mjini, nayo ije kwa boti. Injini ikazima ziwani, jua la saa sita, na sanduku lenyewe aliyelipanga alikuwa ameweka vibarafu viwili vitatu kama anapoza soda. Mfuko ulipofika ulikuwa wa moto. Tabibu akaubonyeza, akatikisa kichwa, akauweka mezani. Alisema hawezi kuutundika, damu imeharibika, utammaliza mgonjwa. Veneranda akafa saa tisa mchana. Mtoto naye hakufikisha wiki.

Hayo Nikodemu alinisimulia mara moja tu, na hakurudia. Alisema kinachomtesa ni ule mfuko. Ulikaa pale mezani, umejaa, mkewe anaisha hatua tatu kutoka hapo, na yeye mtu wa barafu, ambaye angeifikisha ile damu mpaka Bujumbura ikiwa baridi, hakuna aliyemuuliza.

Matanga hayajaisha vizuri akaja hospitalini kwetu, akamwambia mganga mkuu, "Nipeni kazi ya kuiweka damu baridi." Hakuuliza mshahara. Darasa la saba, lakini wakamchukua, na hawakujuta. Alifundishwa kwamba damu inataka kukaa kati ya digrii mbili na sita, na hizo digrii akazishika kama Baba Yetu. Asubuhi na jioni anasoma kipimajoto, anaandika kwenye daftari lake. Umeme ukikatika, jenereta inanguruma kabla hujauliza nini kimetokea. Kila juma anabeba masanduku yake mpaka Kibirizi, anapanda boti, anapeleka damu na chanjo kwenye vituo vya mwambao, anarudi. Tulikuwa tunamtania, "Mzee Niko, hata uji unautia barafu?" Anacheka, anajibu, "Nyie chekeni tu." Miaka kumi na mmoja, na hakuna mfuko hata mmoja ulioharibikia mkononi mwake. Msiyasahau hayo.

Basi mwaka jana, mvua zikiwa zinakatika, akaletwa Kaneza.

Alikuwa na miaka kumi na saba, wa kutoka Kidahwe. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakapata pa kulima, wakakaa. Baba alishafariki. Aliyemleta ni mama yake, Révérienne, mwanamke mdogo wa umbo anayeongea kwa sauti ya chini, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi. Kaneza alikuwa anajifunza ushonaji Mwandiga, na fundi wake ndiye wa kwanza kushtuka: binti akijichoma sindano, kile kitundu kinavuja mpaka kitambaa cha mteja kinaharibika. Halafu mapaja yakajaa mabaka ya zambarau, eti kwa kujigonga kwenye meza ya cherehani tu. Mama mtu alidhani kuna anayempiga, akaenda kumgombeza fundi wa watu bure. Asubuhi moja binti akapiga mswaki, fizi zikatoa damu mpaka mchana. Ndipo wakaja.

Nilipopima damu yake nilirudia, nikidhani mashine imeanza vituko. Haikuwa mashine.

Niwaeleze kama nilivyomweleza mama yake. Kwenye damu, mbali na zile chembe nyekundu ambazo kila mtu anazijua, kuna vipande vidogo sana tunaviita chembe sahani. Havina hata kiini. Vimemeguka kutoka kwenye chembe kubwa zilizomo ndani ya uboho wa mifupa, vinaishi siku nane, tisa, kumi, basi. Kazi yao ni kuzurura. Mshipa ukichanika mahali, vile vya karibu vinanata pale, vinaota vijimkono, vinaita vingine, vinarundikana mpaka tundu linaziba. Wewe umejikata ukimenya muhogo, ukanyonya kidole, ukaendelea na muhogo wako, wala hujui ni kazi gani imefanyika hapo. Mtu mzima anazo laki moja na nusu mpaka laki nne kwenye kitone kisichozidi kichwa cha pini. Kaneza alikuwa nazo elfu sita.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema Révérienne. Halafu akauliza kama yeye mwenyewe anaweza kumpa za kwake.

Dokta Jeremia, daktari wetu wa wodi, alisema uboho wa binti umeacha kuzitengeneza. Tiba iko Dar es Salaam. Rufaa ikaandikwa, kiti cha ndege kikapatikana Alhamisi asubuhi. Hofu ilikuwa kumfikisha hiyo Alhamisi salama. Kwa elfu sita, mshipa mdogo unaweza kupasuka kichwani hata kwa kupiga chafya. Kwetu hatuna mashine ya kutenga chembe sahani, kwa hiyo Dokta akaziomba benki ya damu, na Jumanne ikashuka na ndege mifuko miwili. Mmoja tukamwekea siku hiyo hiyo. Wa pili tuliutunza, apewe Alhamisi kabla ya safari, chembe zisimwishie njiani.

Ule wa kwanza ulifanya kazi, nyie! Jioni nilipima nikakuta elfu thelathini na moja. Fizi zikakauka. Kaneza akala wali, akaniuliza, "Dada, eti Dar vyerehani vyote ni vya umeme?" Nikamwambia sijui, atakuja kunihadithia yeye.

Sasa nisikilizeni vizuri. Damu nyekundu inataka baridi. Chembe sahani hazitaki. Zinataka joto la chumba, digrii ishirini mpaka ishirini na nne, na zinataka kutikiswa polepole muda wote zisilale zikashikana. Ukizitia baridi zinabadilika umbo, na ukimwekea mgonjwa, ini lake linaziona taka, linazifagia ndani ya saa chache. Na kwa kuwa hazikai baridini, hazidumu. Siku tano tu, maana vijidudu vinaweza kuota humo. Hospitali kubwa zina mashine ya kuzitikisa. Kwetu mashine ilikuwa mkono wangu. Niliuweka mfuko juu ya taulo, kwenye meza ya chumba cha ndani chenye kiyoyozi kile kizee, nikawa nautikisa kama ninabembeleza mtoto, na zamu ya usiku muuguzi mmoja wa wodi akanipokea. Mfuko wenyewe ulikuwa wa manjano iliyopauka. Ukiuinua kwenye mwanga ukautikisa, ndani kunameta na kuzunguka, kama kundi la dagaa likigeuka karibu na uso wa maji. Ukiona vile ujue chembe ni nzima.

Nikodemu hakuyaona yote hayo. Alikuwa ameondoka Jumatatu na masanduku yake kwenda mwambao, akarudi Jumatano asubuhi. Aliingia, akaniamkua kwa Kiha, "Mwakeye, dada," na kabla sijampa shikamoo yake macho yake yakaenda kwenye friji. Mlango haukuwa umeshika sawasawa, ingawa kipimajoto kilikuwa bado hakijavuka sita. Ni kweli, mimi ndiye niliyeusukuma kwa kiwiko jana yake nikaenda zangu.

"Dada Winfrida," akasema kwa ile sauti ya Kibirizi, "mlango huu umelala wazi. Hii si kabati ya vyombo ya nyumbani kwako."

Walikuwepo wanafunzi watatu wa uuguzi. Wakacheka.

Mimi hasira zangu ziko karibu, mama alinizaa nazo, na nilikuwa na usingizi wa siku mbili machoni. Sikumjibu. Nikanuna. Na mimi nikinuna sinuni kidogo. Nilijiapiza kuwa mtu huyu leo hapati hata shikamoo kutoka kwangu. Mtu mzima mwenye akili zake, nikafunga mdomo kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Na asubuhi hiyo ndiyo niliyopanga kumweleza. Nilikuwa nimeshaiweka kichwani kabisa: Mzee Niko, kuna kitu kipya humu, hiki hakiingii friji, hata ukikasirika. Najua angebisha kwanza, tungecheka. Ningeweza hata kuandika karatasi nikaibandika. Karatasi zilikuwepo, kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Saa saba mchana wakaja mbio kutoka wodi ya wazazi. Mama amejifungua, damu haikatiki, tunahitaji damu na wachangiaji haraka. Mwenzangu wa maabara alikuwa likizo, nilikuwa peke yangu. Nikauweka mfuko juu ya taulo, nikajiambia dakika kumi. Mlangoni nikapishana na Nikodemu.

"Dada," akaniuliza, "kuna la kufanya humo ndani?"

Alisema kwa upole. Nadhani alishaona kuwa nimekasirika, alikuwa anatafuta njia ya kupatana. Nikampita kama nimepita mlingoti.

Dakika kumi zikawa saa nne. Yule mama alipona, tena kwa damu iliyotoka kwenye friji ya Nikodemu, ikiwa baridi inavyotakiwa. Nilirudi saa kumi na moja jioni, nimechoka lakini moyo mweupe, hata hasira zilishaniisha. Mezani kulikuwa na taulo peke yake.

Nikatoka nje. Nikodemu alikuwa anaosha masanduku yake bombani. Aliponiona akatabasamu, akasogea karibu asisikike na wengine.

"Dada, ulisahau mfuko mezani. Juu ya meza kabisa, na joto lote hili. Usijali, simwambii mtu. Nimeuweka chini, nyuma kabisa, kwenye baridi ya uhakika."

Nikakaa juu ya sanduku lake. Yeye akadhani ni uchovu, akanichotea maji ya kunywa.

Tuliutoa. Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha, nikautikisa, nikautikisa tena. Haukumeta. Maji ya manjano tu yanayumba humo. Nikampelekea Dokta Jeremia, naye akauinua kwenye mwanga, akautikisa. Kuagiza mwingine ilimaanisha kusubiri ndege ile ile ya Alhamisi. Mwisho akasema, "Tutampa huu huu. Hata zikimsaidia saa mbili tatu, ni saa mbili tatu."

Alhamisi mapema Kaneza alikuwa ameshashuka mpaka elfu kumi na tatu. Tukamwekea. Nikapima, elfu kumi na tisa. Baada ya saa moja na nusu nikapima tena, elfu kumi na mbili. Nilisimama na ile karatasi nikiomba Mungu nimekosea.

Saa mbili asubuhi, akiwa ameshavaa gauni alilojishonea mwenyewe, la kitenge cha bluu lenye mikono ya kupuliza, Kaneza alimwambia mama yake kichwa kinamuuma. Mama yake akamwambia ajilaze kidogo, ni wasiwasi wa kupanda ndege. Akajilaza. Hakuamka tena kuongea. Damu ilikuwa imevujia kichwani. Saa nne ndege ikapita juu ya paa la wodi, tuliisikia sote, na saa sita kasorobo akakata roho. Révérienne alikuwa anamnyoosha mikunjo ya gauni, anamnyoosha, mpaka wauguzi wakamshika mikono.

Nikodemu aliomba nimweleze. Nikamweleza mara tatu.

"Kuna damu isiyotaka baridi?" alikuwa ananiuliza. "Dada, kuna damu isiyotaka baridi?"

Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. Nilimwambia alichosema Dokta Jeremia, kwamba hata chembe zingekuwa nzima huenda binti asingefika, ugonjwa ulikuwa mkali. Hiyo "huenda" na mimi ninaitafuna kila siku mpaka leo, na haimezeki.

Halafu akaniuliza swali moja. Hakuliuliza kwa ukali, aliliuliza kama mtu anayetaka tu kujua njia imepita wapi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamjibu, "Nilisahau."

Akaushika mkono wangu, vidole vyake vile vya baridi. "Ulikuwa umechoka, dada," akasema. "Mtu akichoka anasahau. Usijitese."

Mimi nikalia, na yeye akadhani nalia kwa sababu hiyo.

Kamati ya hospitali ilipokaa kuchunguza kifo kile, walimuuliza yeye kwanza. Alisimama, akasema: "Mfuko niliuweka mimi kwenye friji. Dada Winfrida alikuwa wodi ya wazazi anaokoa mtu. Asihusishwe." Waliponiuliza mimi, nikasema hivyo hivyo alivyosema. Niliangalia kucha zangu. Hawakumfukuza, walimwandikia onyo tu, lakini wiki ile ile aliniletea lile daftari la joto, miaka kumi na mmoja ya asubuhi na jioni, akaliweka mezani akasema atakayekuja asiache kuandika. Akaenda Kibirizi akapanda boti ya Mwamgongo kama abiria, mikono mitupu.

Nimesikia kwa watu wa boti kwamba hagusi barafu. Migebuka ikivuliwa hata haisogelei. Amekuwa mtu wa dagaa, anawaanika juani kwenye mchanga, anawageuza kwa mkono, anakaa nao kutwa nzima kwenye jua.

Hospitalini siku hizi kuna karatasi kubwa ukutani, herufi nyekundu, kwa Kiswahili: CHEMBE SAHANI HAZIINGII FRIJI. Niliiandika mimi siku ya pili baada ya mazishi. Ilinichukua dakika mbili.

Na kila mwezi, siku ya boti, kuna mtu ananiletea mfuko wa dagaa wakavu, wasafi, hawana hata punje ya mchanga. Salamu ni zile zile, na mletaji huzitoa bila kujua anabeba nini: "Mzee Nikodemu anasema, dada Winfrida asijilaumu kwa kusahau."

Wa mwezi huu wako jikoni, sijawafungua. Wa mwezi uliopita niliwagawa kwa majirani. Mara mbili nimeshuka mpaka Kibirizi, nauli mkononi, nikaangalia boti ya Mwamgongo ikijaza watu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo nawaambia nyie kwanza, mnaomsema pale sokoni, nizoee kulitamka kabla sijapata ujasiri wa kumwambia yeye.

Sikusahau, Mzee Niko. Nilinuna.